Duka limejaa mpaka mlangoni ila hela ya marejesho sina

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Nasoma safu yako muda mrefu kimya kimya ila leo nimeona niandike mana nikiendelea kukaa na hili jambo nitakuja kugombana na watu ndani ya nyumba.

Mimi ni mama wa watoto 3, nipo Kihonda hapa Morogoro, nina duka la mtaani la vitu vya nyumbani, yaani sembe, sukari, mchele, mafuta ya kupima, sabuni, soda, biskuti, vipodozi kidogo na vocha. Nilifungua 2021 baada ya kuvunja kikoba, baba watoto akaniongezea, tukaanza na 3,500,000. Shangazi duka limekua, sio siri, mtu akiingia anasema mama wewe umejaza, rafu zote zimejaa mpaka boksi nyingine nimepanga chini na nyingine ziko chumbani kwa watoto. Nikikadiria kwa macho nina mzigo wa kama milioni 6.

Sasa tatizo ni kwamba hela siioni. Nauza kama 180,000 kwa siku, kuna siku inazidi kuna siku inapungua, lakini ikifika Jumamosi ya kupeleka marejesho ya kikoba, 60,000 tu, nahangaika kama sina duka. Kila mwezi nakopa kama laki 1 kwa jirani au kwa dada yangu kujazia. Kodi ya fremu ni 70,000, umeme kama 25,000, na dukani nakaa na binti wa wifi yangu namlipa 80,000. Huyo binti ndo kesi yenyewe. Baba watoto anasema hela zinapotea kwa huyo mtoto, eti nimrudishe kwao, na mimi nimeanza kumtilia mashaka mpaka nikitoka kidogo narudi kwa kunyata, lakini sijawahi kumkamata na kitu na ni mtoto mtulivu kweli, nikimrudisha kwa sababu ya wizi wifi hatanielewa maisha.

Mzigo nafuata Kariakoo mara 2 kwa mwezi. Tangu treni ya SGR ianze Juni 2024 imekuwa rahisi, naenda asubuhi narudi jioni, mzigo naupakia kwenye gari unafika kesho yake. Nauli, bajaji, kupakia na chakula inakwenda kama 70,000 kwa safari. Nikifika kule nanunua kila kitu mpaka sukari na mchele kwa sababu ndo niko kwenye bei ya jumla. Mwezi wa 3 nilipata ofa ya losheni, ukinunua katoni 10 unapewa 1 bure, katoni moja 48,000 ina chupa 24, nikachukua. Mpaka leo mwezi wa 8 nimebaki na katoni 6. Na Desemba wakati nafanya usafi nilikuta biskuti na juisi za boksi zimeekspaya za kama 94,000, nililia shangazi.

Afu kinachoniumiza zaidi, pamoja na kujaza hivyo, mteja anakuja anaulizia sukari naambiwa na binti imeisha tangu jana, sembe imeisha, wanavuka barabara wanaenda kwa mangi mpya ambaye duka lake ni dogo hata rafu hazijajaa. Wakishaenda kule wananunua na sabuni huko huko.

Nataka uniambie, kwanza huyu binti ananiibia? Pili kuna taasisi inataka kunikopesha 2,000,000 niongeze mtaji, nichukue? Tatu baba watoto anasema niweke programu ya simu ya kuhesabu mzigo, itanisaidia? Nisaidie shangazi, nimechoka.

Mama Duka, Kihonda

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu, na pole sana. Barua yako nimeisoma mara 3 na kalamu mkononi, na nikushukuru kwa kitu kimoja, umeniandikia na namba. Watu wengi wananiandikia shangazi biashara haiendi, namba hawana, sasa unamjibu nini mtu. Wewe umenipa namba, kwa hiyo kabla hatujamgusa huyo mtoto wa watu tukae tupige hesabu pamoja.

Unauza 180,000 kwa siku, mwezi ni 5,400,000. Duka la vyakula kama lako, lenye sembe na sukari na mafuta, kwenye kila 1,000 unayouza faida haiwi kubwa, tuchukue 110. Hapo faida ya mwezi ni kama 594,000. Sasa toa. Kariakoo mara 2, 140,000. Fremu 70,000. Binti 80,000. Umeme 25,000. Unabaki na 279,000. Toa marejesho 60,000 mara 4, ni 240,000. Umebaki na 39,000 mwanangu, kwa mwezi mzima, na hapo bado nyumba haijala.

Na najua nyumba inakula dukani, hujaandika ila najua, mana duka lipo na watoto wapo. Asubuhi sukari ya chai, mchana mafuta, jioni unga, sabuni ya kufulia, biskuti ya mdogo anayelia. Nikiiweka kwa chini kabisa, 5,000 kwa siku, ni 150,000 kwa mwezi. Sasa 39,000 toa 150,000 unapungukiwa 111,000, na wewe mwenyewe umesema kila mwezi unakopa kama laki 1 kujazia. Umeiona? Pengo lako lote limepatikana na hatujamtaja binti hata kidogo.

Sisemi kwamba haiwezekani anachukua, simjui. Nasema pengo unaloliona linajieleza lenyewe bila mwizi, kwa hiyo usimrudishe mtoto kwao na jina la mwizi mgongoni kwa sababu ya hesabu ambayo hujaipiga. Hili naliongea kwa uchungu kwa sababu nilishalifanya. Mwaka 2009 nikiwa na duka Mwanza nilikuwa na kijana wangu, mpole, anaamka kabla yangu, nikaona sukari hainilipi, nanunua mfuko wa kilo 50 hela inayorudi haifiki, nikamwambia aondoke. Akaondoka hajajibu neno. Nikafunga sukari mwenyewe kwenye vimfuko vya nusu kilo, mfuko mzima, nikahesabu. Vilitakiwa vitoke 100. Vikatoka 94. Nikarudia mfuko mwingine, 94 tena. Tulikuwa tunapima kwa kopo sio kwa mizani, kopo linajazwa mpaka linafanya kichuguu juu, mkono wangu mimi ndo ulikuwa mkarimu kuliko wa kijana. Kilo 3 kila mfuko, karibu faida yote ya mfuko ilikuwa imekaa kwenye kile kichuguu. Nilimtafuta nimwombe radhi, alishahama mji. Mpaka leo inaniuma.

Kwa hiyo kitu cha kwanza, pima kwa mizani, na mizani yenyewe iwe imehakikiwa na Wakala wa Vipimo mwaka huu, sio ile stika ya miaka 3 iliyopita. Na mafuta ya kupima hivyo hivyo, dumu la lita 20 ukipima robo lita linatakiwa litoe robo 80, hesabu dumu moja tu uone zinatoka ngapi. Zikitoka 74 usiulize nani kaiba, angalia kipimo, angalia na yale yanayobaki kwenye faneli na yanayomwagika kwenye meza ukapangusa na tambara.

Sasa tuje kwenye mzigo, mana hapa ndo penye ugonjwa wako. Hela yako haijapotea mwanangu, ipo, inalala chumbani kwa watoto kwenye maboksi. Una mzigo wa milioni 6, na kwa mauzo yako mzigo unaotoka kwa mwezi ukiuhesabu kwa bei ya kununulia haufiki milioni 5. Yaani ukisimamisha kununua leo, duka lingeendelea zaidi ya mwezi mzima. Kwa duka la sembe na sukari huo ni mzigo mwingi sana, na bado mteja akija sukari hakuna! Maana yake umejaza vile visivyotembea na vile vinavyotembea umevinyima hela. Huyo mangi wa ng'ambo ya barabara ambaye rafu zake hazijajaa hajakuzidi mtaji, mtaji wake unarudi mfukoni kila baada ya siku chache ananunua tena, wa kwako ukiingia kwenye losheni haurudi mpaka mwaka uishe.

Tuipige hiyo losheni ili uone kwa macho, na usijilaumu, ofa za namna hiyo zimetupata wote. Ulitoa 480,000 ukapata katoni 11. Kwako inatoka kama katoni 1 kwa mwezi. Kama ungekuwa unanunua katoni moja moja kwa 48,000 unauza chupa 2,500, kila katoni ingekupa faida 12,000. Ofa imekuongezea nini? Katoni moja ya bure, 48,000, na hiyo utaimaliza kuipata baada ya kama miezi 11 tangu ununue, kama hakuna iliyoharibika. Sasa zile 432,000 ambazo zingebaki mkononi kama ungechukua katoni 1 tu zingefanya nini? Kiroba cha sembe cha kilo 25 tuseme unachukua kwa 30,000, ukiuza kilo 1,300 unapata 32,500, faida 2,500. Kwa 420,000 unapata viroba 14. Duka linalouza viroba 2 kwa siku linavimaliza kwa wiki moja, faida 35,000, na ile 420,000 imerudi mkononi, wiki ya pili nyingine 35,000. Wiki 2 za sembe zimeshaipita ofa ya mwaka mzima. Na huyo aliyekuja kununua sembe akakuta ipo, kachukua na chumvi na kiberiti na vocha, hizo sijahesabu.

Ndo maana nataka uache kuuliza bei peke yake ukiwa kwa muuzaji wa jumla. Uliza kwanza hiki kwangu kinatoka kwa siku ngapi. Kitu cha bei rahisi kinacholala miezi 8 ni ghali kuliko kitu cha bei ya kawaida kinachoondoka Ijumaa.

Kuhusu Kariakoo nitakuambia ukweli na usinichukie. Treni imekurahisishia safari na ikakuongezea kununua, mana mtu akishatoa nauli anaona aibu kurudi na mzigo mdogo, anajaza. Wewe uko Morogoro mwanangu! Sukari ya Mtibwa na ya Kilombero inatengenezwa mkoani kwako, mchele wa Ifakara unapita hapo hapo Morogoro ukielekea Dar, ukiufuata Kariakoo unaulipia safari ya kwenda na ya kurudi. Vyakula chukua kwa wauzaji wa jumla wa hapo mjini, zunguka pale Soko Kuu la Chifu Kingalu na maduka ya jirani, waulize watu 3 bei, uliza na nani anakuletea mpaka dukani bila kulipia au kwa pikipiki ya bei ndogo. Hata kama kwenye mfuko wa sukari ukizidishiwa 1,000 usikimbilie kusema ghali, gawanya ile 140,000 yako ya safari kwa mwezi kwenye vitu ulivyobeba ndo ulinganishe. Kariakoo nenda mara moja kwa miezi 2 kwa vile ambavyo kweli Morogoro hupati au tofauti ya bei ni kubwa, vyombo, vitu vya plastiki, vipodozi, na uende na karatasi iliyoandikwa nyumbani. Kisichokuwepo kwenye karatasi hakinunuliwi, hata kama muuzaji anakuita dada yangu mpenzi.

Karatasi utaitoa wapi? Kwenye kuhesabu. Chagua Jumapili moja, funga duka saa 6 mchana, hesabu kila kitu kilichomo, kila chupa, kila mche wa sabuni, na vile vya chumbani. Andika jina, idadi, bei uliyonunulia, na kwa vya kula na vipodozi andika na tarehe ya mwisho wa matumizi. Utachoka, utakaa mpaka usiku, ila siku hiyo utajua duka lako kwa mara ya kwanza tangu 2021. Utakuta kuna vitu vichache, vinaweza visifike hata 30, ndo vinavyokulisha, na kuna vitu vingi vya kubeba vumbi tu. Vile vya kubeba vumbi vipigie mstari mwekundu. Kwa wiki 6 usiongeze hata kimoja cha mstari mwekundu, hata mteja mmoja akiulizia, na viuze. Ondoa ile tamaa ya kusema lazima nipate faida yangu. Losheni hiyo toa kwa 2,000 kama tarehe inaruhusu, bei ile ile uliyonunulia, iweke mbele karibu na sabuni, andika kwa maandishi makubwa. Unachokitafuta pale ni hela yako irudi, faida utaipata kwenye sembe. Vilivyobakiza mwezi mmoja vipunguze bei mapema wakati bado ni halali kuuza, mana vikishapita tarehe ni hasara yote, na usithubutu kuviuza, chakula na vipodozi tangu 2019 viko chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, na wakikukuta navyo utaumia, na zaidi ya hapo ni watoto wa majirani zako watakaokula.

Biskuti zako za Desemba najua zilivyokufa. Mzigo mpya ulikuja ukapangwa mbele kwa sababu ndo ulikuwa mkononi, wa zamani ukasukumwa nyuma, mteja anachukua wa mbele, wa nyuma unazeeka. Kuanzia sasa mzigo mpya ukifika toa wa zamani kwanza, weka mpya nyuma, zamani mbele. Ila angalia tarehe zenyewe, mana kuna wakati mzigo uliofika leo una tarehe fupi kuliko ule wa mwezi uliopita, hasa ule wa ofa. Geuza boksi usome kabla hujalipa, hiyo ni haki yako.

Sasa kwa vile vinavyotembea, shida yako ni kwamba unaagiza kikishaisha. Unatakiwa uagize kikiwa bado kipo. Chukua sukari. Tuseme inatoka kilo 8 kwa siku, na ukiagiza inachukua siku 2 kufika. Siku 2 ni kilo 16, weka na siku 1 ya tahadhari, mvua imenyesha, pikipiki imeharibika, kilo 8, jumla 24. Kwa hiyo kama unanunua mifuko ya kilo 25, siku unayokata mdomo wa mfuko wa mwisho ndo siku ya kupiga simu. Huhitaji kukumbuka kitu kingine. Ule mfuko wa mwisho ufunge utepe mwekundu, binti akifika kwenye utepe anakuambia. Sabuni za mche, zikibaki idadi ya kuagiza weka kipande cha boksi katikati kimeandikwa jina lake, mkono ukigusa kile kipande kinatolewa kinatupwa kwenye kopo kaunta, jioni unamwaga lile kopo, vipande vilivyomo ndo orodha yako ya kununua. Mwanangu usidhani hii ni mambo ya kienyeji, Toyota wale wa magari wanaendesha viwanda kwa kadi za namna hii, wanaita kanban, na mhandisi wao Taiichi Ohno alieleza wazo lilitoka kwenye supamaketi za Marekani, kwamba mteja akichukua kitu rafuni ile nafasi iliyobaki wazi ndo inaita mzigo mwingine. Yaani wao walijifunza kwenye duka, na wewe duka unalo.

Kiasi cha kuagiza kinabadilika na msimu, hapo tumia akili yako ya mtaani. Januari na Julai shule zinafunguliwa, sabuni na madaftari na viatu vinatangulia na chakula cha ziada watu hawanunui. Ramadhani sukari, tambi, tende na unga wa ngano vinaondoka mara dufu, ila kumbuka Ramadhani inarudi nyuma kama siku 10 au 11 kila mwaka, 2024 ilianza karibu na katikati ya Machi, 2025 mwanzoni mwa Machi, 2026 ikaingia Februari, ukisubiri tarehe ya mwaka jana utakuta wenzako wameshauza. Kuhifadhi sana kwa kuogopa kuadimika napo kuna mpaka. Mwanzoni mwa 2024 sukari ilipoadimika baada ya mvua za El Niño kuvuruga uzalishaji kuna wenye maduka walikopa kununua kwa bei ya juu kabisa wakidhani itapanda tena, ikashuka wakabaki nayo. Wiki 1 ya ziada ndo mwisho wako.

Binti sasa. Chagua vitu 6 tu, vile vinavyotoka sana na vinahesabika, mfano sabuni za mche, soda, maziwa ya pakti. Asubuhi mhesabu wote wawili. Tuseme sabuni zilikuwa 40, mchana zikaingia 24, jioni zimebaki 31. Zilizotoka ni 33. Kwenye daftari binti anapiga kijiti kila akiuza moja, vijiti viwe 33. Vikiwa 33 siku 14 mfululizo, mwanangu, mwambie baba watoto ayafute maneno yake. Vikipungua anza kuuliza nyumbani, nani kachukua sabuni ya kuogea bila kuandika, mana kuanzia sasa kila kinachotoka kwenda jikoni kinaandikwa, hata kiberiti, hata chako mwenyewe. Wewe jipangie hela ya matumizi, nunua kwenye duka lako kama mteja. Hapo ndo palipo na 150,000 yako kila mwezi na patakuuma kuliko pote, ila usipopaziba hapo hata mkopo wa milioni 10 utaliwa. Ukishahesabu nyumbani na vipimo vikawa sawa na bado sabuni 4, 5 kila siku hazionekani, hapo zungumza na binti, kwa upole, mkiwa wawili, bila wifi na bila mume.

Mkopo usichukue. Nalisema hili kwa herufi zote. Una mtaji, umelala. Ukiamsha hata nusu ya hivyo vya mstari mwekundu utapata hela ya kujaza sembe na sukari bila riba. Ukichukua 2,000,000 leo bila kujua kinachotoka, utazipeleka Kariakoo utarudi na losheni, na marejesho yataongezeka juu ya yale 60,000, halafu ndo ile mikopo ya kausha damu, ya riba kubwa, inakufuata. Na madeni ya wateja hujayataja, najua yapo. Yajumlishe siku hiyo ya kuhesabu, hiyo nayo ni hela iliyolala, tena kwa mtu.

Programu ya simu sio mbaya, kuna nzuri, ila haitakuhesabia sabuni, itakumbuka tu ulichoiambia. Ukiiambia uongo itakumbuka uongo. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, anza na daftari la kaunta miezi 2, ukiona binti anaandika bila kusukumwa na wewe unasoma bila kuchoka, hapo hamia kwenye simu. Na hela ya vocha na ya lipa namba ikae pembeni, usichanganye na ya droo, mana hiyo nayo inakudanganya kwamba leo umeuza.

Jumapili ya kuhesabu usimwache binti nyumbani kwa watoto. Mwambie akae na wewe, ashike daftari na kalamu, wewe panda kwenye stuli uhesabu, ukitaja idadi yeye anaandika. Na umwekee soda moja, uiandike.